Ruka, Chupa, Kanyaga: Istilahi za Hatua za Ngoma za Ufilipino

Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita walimu wa elimu ya viungo katika chuo kimoja cha ualimu waliniomba niwafasirie kurasa chache za maelezo ya Tinikling, ngoma ya Ufilipino ambayo wachezaji wake huingia na kutoka baina ya mianzi miwili inayogonganishwa. Kazi ilionekana nyepesi. Hapakuwa na neno hata moja ambalo lingemfanya mfasiri afungue kamusi mara mbili: kuruka, kukanyaga, kuweka mguu, kugeuka. Niliimaliza kwa jioni moja. Juma lililofuata nilialikwa kuitazama ngoma yenyewe ikifundishwa kwa tafsiri yangu, na katika robo saa ya kwanza wanachuo watatu walikuwa wamekaa pembeni wakisugua vifundo vya miguu. Mwalimu alisoma, "Ruka ndani," nao wakaruka kama ambavyo mtu yeyote ajuaye Kiswahili angeruka, yaani kwa miguu yote miwili. Mianzi ikakutana.

Maelezo ya asili, ambayo yameandikwa kwa Kiingereza, yalikuwa na vitenzi vitatu mbalimbali mahali ambapo mimi niliandika ruka tu. Tofauti baina ya vitenzi hivyo ndiyo inayookoa kifundo cha mguu. Tangu siku ile nimekuwa nikikusanya istilahi za hatua za msingi za ngoma hizi, na nia ya makala haya ni kuwaeleza wafasiri, walimu na maofisa utamaduni jinsi hatua hizo zilivyo, na ni maneno gani ya Kiswahili yawezayo kuzibeba bila ya kumwangusha mwanafunzi.

Jinsi ngoma hizi zilivyoandikwa

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 100. Ilitawaliwa na Hispania tangu mwaka 1565 hadi 1898, kisha ikawa chini ya Marekani, na ikapata uhuru mwaka 1946. Historia hiyo imo ndani ya ngoma zenyewe. Watu wa milimani kaskazini ya kisiwa cha Luzon hucheza kwa gangsa, ambazo ni sahani za shaba zinazopigwa kwa mkono au kwa kijiti. Waislamu wa kusini, katika Mindanao na visiwa vya Sulu, wana kulintang, safu ya vyombo vidogo vya shaba vyenye kinundu katikati. Watu wa mabondeni na pwani, ambao walikaa karibu zaidi na Wahispania, wana ngoma zilizotokana na walzi, polka, masurka na hota za Ulaya, ila wamezigeuza mpaka mwenye mali asilia asingeweza kuzidai. Kwa hiyo mtu asemaye "ngoma ya Kifilipino" kana kwamba ni moja amekwisha kukosea kabla hajafika kwenye hatua ya kwanza.

Aliyeziweka ngoma hizi katika maandishi kwa namna inayoweza kufundishwa shuleni ni Francisca Reyes Aquino, aliyezaliwa mwaka 1899 katika mji wa Bocaue, jimbo la Bulacan. Tasnifu yake ya mwaka 1926 katika Chuo Kikuu cha Ufilipino ilihusu ngoma na michezo ya jadi, nayo ilichapishwa kuwa kitabu mwaka uliofuata. Katika miaka ya 1930 mkuu wa chuo hicho, Jorge Bocobo, alimtia nguvu aiendeleze kazi hiyo, naye akasafiri visiwani akiandika mienendo ya wazee huku mtunzi wa muziki Antonino Buenaventura akiandika nyimbo zao. Vitabu vingi vilifuata. Mwaka 1962 alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay, na mwaka 1973 nchi yake ikampa heshima ya Msanii wa Taifa. Alifariki mwaka 1983.

Kwa sisi wa istilahi, jambo la kutazamwa zaidi ni mbinu yake. Wazee aliowakuta vijijini walijua kucheza; wengi wao hawakuwa na haja ya kuitaja kila hatua kwa jina, kwa kuwa mtoto alijifunza kwa kutazama. Yeye alikuwa akimwandikia mwalimu asiyewahi kumwona mzee huyo. Aliandika kwa Kiingereza, lugha ya shule za wakati ule, lakini kila alipokuta kwamba mahali fulani mwendo fulani una jina lake, alilihifadhi jina hilo na kutaja lugha lilikotoka: hayon-hayon ni la Kivisaya, salok ni la Kitagalogi, kumintang ni la Kiilokano, masiwak ni la Kiibanag, na saludo ni la Kihispania lililokwisha kuwa la nyumbani. Pale ambapo hapakuwa na jina, alitumia maneno ya kawaida ya mazoezi ya viungo. Matokeo yake ni kwamba katika mstari mmoja wa kitabu chake mfasiri hukutana na tabaka tatu au nne za lugha, na kila tabaka ladai kutendewa kwa namna yake.

Uzito uko juu ya mguu gani?

Anayejifunza ngoma hizi huhangaika na mikono, kwa sababu mikono ndiyo inayoonekana. Siri iko miguuni, na siri yenyewe ni moja: katika kila pigo la muziki, uzito wa mwili uko juu ya mguu gani? Mguu uliobeba uzito hauwezi kuondoka. Mguu usiobeba kitu, ambao napendekeza tuuite mguu huru, ndio pekee uwezao kufanya mwendo unaofuata. Mwanafunzi akiukosea uzito katika pigo moja, mapigo yote yafuatayo yatamkuta na mguu usiofaa, naye atadhani kwamba hana sikio la muziki, kumbe ana maelezo mabaya.

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao mfasiri mwenye haraka hautumii. Kukanyaga ni kuweka mguu chini na kuhamishia uzito juu yake. Hakuna Mswahili atakayesema amekanyaga mwiba ikiwa aliugusa tu. Kugusa ni kufikisha ncha ya mguu sakafuni huku uzito ukibaki kwenye mguu mwingine. Kugonga ni kugusa kwa pigo dogo linalosikika, bado bila ya uzito. Kupiga kishindo ni kushusha wayo wote kwa nguvu. Vitenzi hivi vinne vyatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Kile cha kuepukwa kabisa ni kuweka. "Weka mguu wa kulia mbele" hakumwambii mwanafunzi lolote kuhusu uzito, naye atachagua mwenyewe, na darasa la watu thelathini litachagua kwa namna mbili.

Tuitazame hatua ambayo Reyes Aquino aliiita walzi ya kienyeji, kwa maana ngoma nyingi za mabondeni zimesimama juu yake. Muziki una mapigo matatu. Kwa pigo la kwanza, kanyaga mbele kwa mguu wa kulia. Kwa pigo la pili, lete mguu wa kushoto kando yake na uukanyage. Kwa pigo la tatu, kanyaga tena wa kulia pale pale. Hapo mguu wa kushoto umebaki huru, nao ndio utakaoanza mapigo matatu yanayofuata. Walzi hubadilisha mguu wa kuanzia kila mara, kwa sababu mikanyago yake ni mitatu. Ilinganishe na hatua yenye mikanyago miwili tu, yaani kukanyaga na kukutanisha: hiyo huanza daima kwa mguu ule ule na kumpeleka mchezaji upande mmoja. Mwalimu akilieleza jambo hili mara moja kwa hesabu hii, hatakuwa na haja ya kupiga kelele "Mguu mwingine!" mpaka mwisho wa kipindi.

Nimesema kukutanisha. Mwanzoni niliandika kufunga, kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza kilichotumika ndicho kile kile cha kufunga mlango. "Kanyaga kulia, funga kushoto." Mwanachuo mmoja aliuliza, kwa adabu zote, mguu ufungwe kwa kitu gani. Alikuwa na haki. Mguu katika Kiswahili hufungwa kwa kamba au kwa bendeji. Miguu miwili ikiwekwa pamoja, imekutana.

Kosa la jamaa hilo hilo liko katika masurka, ambayo hatua yake ya msingi ina sehemu tatu: mguu mmoja huteleza, mwingine huja kwa haraka na kuuondosha mahali pake, kisha mchezaji huruka kidogo juu ya mguu uliokuja. Sehemu ya pili katika maelezo ya asili hutajwa kwa kitenzi cha kukata, na nimeona rasimu moja yenye "kata mguu wa kulia", amri ambayo ingefaa hospitalini. Kinachotendeka ni kwamba mguu mmoja umeunyang'anya mwenzake mahali pake. Napendekeza pokonya: "telezesha kulia, pokonya kwa kushoto." Waliojaribiwa kwa neno hili walilielewa bila ya kuonyeshwa.

Kuhusu muziki nina onyo moja tu. Maelezo hutanguliwa na alama ya tarakimu mbili, 3 juu ya 4 au 2 juu ya 4. Alama hiyo isisomwe "robo tatu", kwa maana mwanafunzi ataelewa kwamba acheze sehemu tu ya wimbo. Yatosha kuandika "mapigo matatu" au "mapigo mawili" katika kila kipimo. Na hesabu ya mapigo isiachwe kamwe, kwa kuwa kanyaga, kutanisha, kanyaga ikichezwa katika mapigo matatu ni walzi, lakini miendo hiyo hiyo mitatu ikibanwa katika mapigo mawili, kwa hesabu ya "moja-na-mbili", ni hatua nyingine yenye jina jingine na roho nyingine.

Ruka tatu

Sasa turudi kwenye kosa langu. Reyes Aquino alitofautisha miruko mitatu. Wa kwanza, mchezaji huruka kutoka mguu mmoja na kutua juu ya mguu ule ule. Wa pili, huruka kutoka mguu mmoja na kutua juu ya mguu wa pili. Wa tatu, huruka kutoka mguu mmoja au yote miwili na kutua kwa miguu yote miwili pamoja. Kiswahili cha kila siku husema ruka kwa yote, pamoja na ndege aliye angani.

Kwa kufuata kanuni tuliyoizoea, ya kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tutoke nje, nilianza na kamusi. Kwa mruko wa pili tunalo neno zuri, chupa, ambalo mabaharia na watoto wa pwani hulitumia kwa mtu anayejitupa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, au kutoka mashuani hadi gatini. Hata fikra ya kuvuka imo ndani yake, na kuvuka ndiko hasa kunakotakiwa: uzito unaondoka mguu huu na kuhamia ule. Wako watakaosema kwamba linafanana na chupa ya maji. Linafanana, lakini hakuna mchezaji atakayesikia "chupa ndani kwa kushoto" akaenda kutafuta kizibo.

Kwa mruko wa tatu napendekeza tuiache ruka yenyewe, kwa kuwa ndivyo watu wanavyoielewa wasipoambiwa zaidi. Wanachuo wale waliokaa pembeni ndio mashahidi wangu.

Mruko wa kwanza ndio wenye tabu. Mwenzangu mmoja alipendekeza ruka kiguu, kwa mfano wa kuruka kichura ambako kila aliyepita shule ya msingi anakujua. Ni fupi, na yaweza kutamkwa ndani ya pigo moja. Hata hivyo kiguu ni neno linalotumika kwa mtu mwenye ulemavu wa mguu, na sioni sababu ya kuliingiza darasani. Ruka kwa mguu huo huo ni sahihi lakini ni ndefu. Mwalimu akimaliza kuitamka, mianzi imekwisha kukutana mara mbili. Kwa sasa natumia ruka guu moja, kwa kuwa watu husema kusimama guu moja na hakuna asiyeelewa. Siipendi sana. Ina harufu ya mchezo wa watoto, na guu kwa sikio la wengine ni mguu mkubwa.

Vyombo na majina

Je, ngoma ni neno lifaalo kwa sanaa ambayo mara nyingi haina ngoma ndani yake? Ngoma nyingi za mabondeni huchezwa kwa rondalla, kundi la vyombo vya nyuzi jamaa ya gitaa. Wako wanaotaka tuseme dansi. Mimi nadhani dansi imekwisha kuchukua maana ya mchezo wa ukumbini na bendi, na mtu akisoma "dansi za jadi" atashituka. Ngoma kwetu ni shughuli nzima: mchezo, wimbo, mavazi, watu na siku yenyewe. Kuna ngoma zetu zinazoongozwa na zumari, na hakuna aliyezinyima jina kwa sababu hiyo.

Kwa gangsa tunalo neno upatu, ambalo maana yake ya kale ni sahani ya shaba ipigwayo katika ngoma, ijapokuwa siku hizi akina mama wakisema upatu huzungumzia fedha za mzunguko. Kulintang ni bora ibaki kulintangi, na kuelezwa mara moja kwamba ni safu ya patu ndogo.

Leso yataka hadhari zaidi. Katika Cariñosa, ngoma ya mapenzi ambayo jina lake ni la Kihispania, mwanamume na mwanamke hujifichaficha na kuchunguliana kwa kutumia kipepeo na kitambaa kidogo cha mkononi. Wafilipino hukiita kitambaa hicho panyo, kutokana na Kihispania; sisi tulilipata neno leso kwa Wareno, majirani wa Wahispania. Ni kana kwamba pwani zetu mbili ziliuziwa kitambaa na duka moja. Lakini leso kwa Mtanzania ni cha kufutia jasho, na kwa watu wa Mombasa ni kanga. Msichana wa Mombasa akisoma kwamba ajifiche nyuma ya leso, atajifunika gubigubi, na ngoma itakuwa imekosa maana, kwa sababu utamu wake uko katika kitambaa kisichotosha kuficha uso. Maandishi yatakayosomwa nchi zote mbili yaandike kitambaa cha mkononi.

Majina ya ngoma zenyewe yasifasiriwe. Pandanggo sa Ilaw ya kisiwa cha Lubang, ambamo mchezaji huweka taa ya mafuta kichwani na nyingine mbili juu ya migongo ya viganja, ingeweza kuitwa "Fandango ya Taa", lakini tungepoteza jambo lenye faida: Kitagalogi cha zamani hakikuwa na sauti ya f, kwa hiyo fandango ya Wahispania ikawa pandanggo. Neno hilo lilikaribishwa kwa masharti ya mwenyeji. Ngoma hiyo huchezwa kwa hatua za walzi, na taa zile ndizo mtihani wa mfasiri: akichanganya kanyaga na ruka, mafuta yatamwagika.

Singkil ya Wamaranao, wakaao kando ya ziwa Lanao, huchezwa kwa vipepeo katikati ya mianzi iliyopishana, na jina lake hurejezwa kwenye njuga za vifundoni. Mpemba ataelewa upesi, kwa maana msewe nayo imechukua jina la kile kinachofungwa mguuni. Mfasiri aulize kwanza kama maelezo aliyopewa ni ya jinsi Wamaranao wanavyocheza, au ni ya jukwaani, kama yalivyotengenezwa na vikundi vya mjini mfano wa Bayanihan, kilichoanzishwa Manila mwaka 1957 na kuonekana katika maonyesho ya Brussels mwaka 1958. Si kitu kimoja, na msomaji ana haki ya kuambiwa.

Mikono

Reyes Aquino alihesabu mikao mitano ya miguu na mitano ya mikono, nayo hufundishwa kwa nambari, jambo ambalo halimsumbui mfasiri. Mkao wa kwanza wa mikono ni duara mbele ya kifua. Wa pili, mikono imefunguliwa kando chini kidogo ya mabega. Wa tano, yote miwili imepinda juu ya kichwa. Wa tatu na wa nne ni mchanganyiko, mmoja juu, mwingine kando au kifuani.

Kazi iko kwenye miendo yenye majina. Hapa nilijiwekea kanuni: ikiwa jina ni neno la kawaida la kazi za nyumbani katika lugha yake, tulitafutie la nyumbani kwetu, ikiwa ni jina la mwendo tu, tulichukue na kulipa irabu ya mwisho. Bilao ni ungo wa kupepetea. Katika ngoma, mchezaji huweka mikono mbele ya kiuno, viwiko karibu na mbavu, akivigeuza viganja juu na chini kwa zamu. Kila mwanamke wa Kiafrika aliyewahi kupepeta mchele atakiona kilichokusudiwa, basi tuseme mikono ya ungo. Kumintang, kuzungusha kiganja kwa kifundo cha mkono, kufuata akrabu za saa au kinyume chake, iwe kumintangi. Hayon-hayon, mkono mmoja mbele ya kiuno na mwingine nyuma, ibaki ilivyo, kwa kuwa Kiswahili nacho hurudufu maneno na sikio halitaikataa. Jaleo, ambamo wenzi wawili huzunguka viwiko vyao vikigusana, iandikwe haleo, kwa sababu ndivyo inavyotamkwa, na Mswahili akiona j ataisoma kama ya jana.

Kuna jozi moja ambayo ingeweza kutuponza. Sarok ya Kivisaya ni kupitisha mguu mmoja mbele ya mwingine, kuinama kidogo na kupishanisha mikono chini kwa mbele. Salok ya Kitagalogi ni kushusha mkono na kuupandisha kwa kupita mbele ya mwili, kiwiliwili kikiufuata, kama mtu atekaye maji kisimani. Miendo miwili isiyohusiana kabisa, na majina yaliyotengana kwa r na l tu! Walimu wetu wengi wa bara, kwa athari za lugha zao za kwanza, hubadilishana sauti hizo bila ya kujua, na hata mwalimu asiye na tatizo hilo hana hakika kwamba darasa limesikia alichotamka. Tukiandika saroku na saloku tutakuwa tumetega mtego kwa mikono yetu. Kwa bahati njema salok ni neno la kawaida la Kitagalogi lenye maana ya kuteka au kuchota. Basi na liwe chota, na saroku ibaki peke yake.

Tinikling kwa mara ya pili

Tinikling ni ngoma ya Visaya, hasa Leyte, na jina lake latokana na tikling, ndege wa miguu mirefu apitaye katika mashamba ya mpunga. Mianzi miwili yenye urefu upatao mita tatu hulazwa sambamba juu ya vipande viwili vya ubao, na wagongaji wawili hupiga magoti kwenye ncha zake. Kwa mapigo mawili mianzi hugongwa juu ya ubao ikiwa imeachana kiasi cha futi moja. Kwa pigo moja hugonganishwa. Wachezaji hawavai viatu. Haya ndiyo maelezo niliyowapelekea walimu wale mara ya pili:

"Simama nje, mianzi ikiwa kushotoni kwako, uzito juu ya mguu wa kulia. Mianzi inapoachana, chupa ndani kwa mguu wa kushoto. Kanyaga ndani kwa mguu wa kulia, na wa kushoto uinuke. Mianzi inapokutana, chupa nje upande wa pili kwa mguu wa kushoto, na wa kulia uinuke. Rudi kwa namna hiyo hiyo, ukianza kwa mguu wa kulia."

Ndani, ndani, nje. Msomaji na ajaribu mwenyewe kubadilisha neno moja tu. Akiweka gusa mahali pa kanyaga, uzito utabaki kwenye mguu wa kushoto, ambao ndio ulipaswa kutoka, na mianzi itaukuta ndani. Akiweka ruka guu moja, atarudi pale pale alipokuwa. Akiweka ruka, atakuwa ndani kwa miguu yote miwili, na hilo tumekwisha kuliona. Ruka yenyewe ina mahali pake, kwa kuwa katika mazoezi ya shuleni ipo namna ambayo mchezaji huruka ndani miguu pamoja, mara mbili, kisha akatua miguu imepanuka, mmoja kila upande wa mianzi iliyokutana.

Yule mwalimu, aliyekuwa na busara kuliko mfasiri wake, hakuanza na mianzi safari hii. Alichora mistari miwili ya chaki sakafuni, darasa likahesabu kwa sauti mpaka miguu ikazoea. Kisha akalaza mianzi bila ya kuigonga. Siku ya tatu ndipo wagongaji wakapiga magoti, wakaanza polepole. Nasi tukaongeza istilahi moja ambayo sikuifikiria mezani: mguu wa nje. Katika maelezo ya ngoma za wawili wawili, mguu wa nje ni ule ulio mbali na mwenzi wako, lakini katika Tinikling kila mtu hudhani ni mguu ulio nje ya mianzi. Tuliandika mguu wa mbali na mguu wa karibu, na mabishano yakaisha.

Limebaki lile la ruka guu moja. Nina hakika kwamba mahali fulani, katika michezo ya watoto ya Pemba, Lamu, Mrima au Ngazija, mruko huo una jina lake fupi. Msomaji anayelijua atuletee, pamoja na jina la mchezo na mahali linapotumika.